Unauza mashua ya mbao yenye kasoro ndogo? Usiipake rangi kwanza

Rangi mpya humtia mnunuzi wasiwasi: anajiuliza unaficha nini. Iache ilivyo, ioshe tu, kausha ngama (sehemu ya chini ndani ya chombo, maji yanakokusanyika), kisha uikague mwenyewe kwa bisibisi. Chomeka polepole pale mataruma (mbavu za chombo) yanapokutana na mkuku (uti wa mgongo wa chombo, chini kabisa), chini ya mlingoti, na kwenye pembe za tezi, yaani sehemu ya nyuma. Mara nyingi ubao huoza pale maji ya mvua yanapotuama, kuliko kule unakooshwa na chumvi. Bisibisi ikizama kama kwenye mkate, hiyo si kasoro ndogo tena. Mwite fundi akupe bei ya kubadili ubao, uitaje wazi. Michirizi ya kutu chini ya vichwa vya misumari nayo isemwe.

Chombo kilichokaa nchi kavu miezi kadhaa lazima kivuje, maana mbao zimesinyaa. Kiteremshe majini siku mbili tatu kabla ya mteja kuja, kivimbe, na ufue maji, yaani uyachote na kuyamwaga nje, asubuhi na jioni. Panapoendelea kuvuja piga kalafati, yaani ziba nafasi kati ya mbao, kwa pamba na mafuta. Saruji au gundi ngumu usiguse kabisa: mbao zikivimba hukosa nafasi, zinasukumana mpaka misumari inang'oka.

Tanga lipigie bei yake peke yake, kwani lililochakaa hushusha bei ya chombo kizima. Picha zipigwe ndani pia, mbao za sakafu zikiwa zimeinuliwa.

Siku ya kulipana, andikishianeni mbele ya sheha au mwenyekiti wa mtaa, na karatasi za usajili zikabidhiwe hapo hapo.