Kabla hujampigia fundi: pikipiki inayogoma kuwaka asubuhi

Mwezi wa Juni na Julai hapa Njombe hakuna anayehitaji saa ya kumwamsha, baridi inatosha. Ukipita mitaani saa 11 alfajiri unasikia kiki tu, moja, mbili, tatu, kisha kimya, kisha mtu anatukana kwa sauti ya chini asiwaamshe majirani. Nimekuwa mmoja wao kwa miaka. Nilichokuja kugundua ni kwamba pikipiki inayogoma alfajiri mara nyingi iliharibika jioni, pale ulipoiegesha ukaenda zako kula.

Kwa hiyo tuanze na jioni. Pikipiki yako ikiwa na koki ya mafuta, ifunge kila inapolala. Ndani ya kabureta, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa, kuna boya linalozuia mafuta yasiingie kupita kiasi, na kisindano chake kikishalika, petroli inachuruzika usiku kucha. Sehemu inamwagika chini, sehemu inaingia kwenye injini. Asubuhi plagi imelowa chapachapa, na mbaya zaidi, petroli imeshuka kwenye oili. Chomoa kijiti cha kupimia oili unuse. Kikinuka petroli, usiiwashe. Mwaga oili hiyo na utengeneze kabureta kwanza, maana oili iliyochanganyika na petroli hailindi chochote.

Betri nayo huuawa jioni. Redio, taa za urembo zinazowaka rangi saba, chaja ya simu, vyote vinanyonya betri ndogo ambayo haikupangiwa mzigo huo. Ukiwa na mita, pima betri ikiwa imepumzika. Volti 12.6 au zaidi maana yake imejaa, na ikikaribia 12 imekwisha hata kama honi bado inalia kidogo. Asiye na mita asikilize honi hiyo hiyo: ikilia kama mbuzi mwenye mafua, asitegemee stata kesho.

Halafu angalia inalala wapi. Umande ukiingia kwenye kofia ya plagi, umeme unapotea njiani kabla haujafika unapotakiwa, kwa hiyo ifunike hata kwa turubai la zamani. Wengi tunailaza sebuleni kwa kuogopa wezi, na sina ubishi na hilo, lakini usiiwashe humo ndani hata iwe baridi kiasi gani. Moshi wa eksoza una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na watoto wamelala chumba cha pili. Isukume nje kwanza.

Mafuta ya chupa yana kesi yao. EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama maalumu ya kutambulisha) kwenye mafuta mwaka 2010 ili kukamata wachakachuaji, lakini chupa ya kando ya njia hakuna anayeipima. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa inaweza kukufikisha nyumbani injini ikiwa ya moto, ila asubuhi ya baridi inakataa, kwa sababu mafuta ya taa hayageuki mvuke kirahisi na injini baridi haiwezi kuchoma kitu kisicho mvuke. Ukilazimika kununua chupa, nunua ya kukufikisha kituoni tu, usilale nayo.

Sasa asubuhi imefika na imegoma. Weka spana chini kwanza. Angalia swichi nyekundu ya kuzimia injini mkono wa kulia, watoto wanaipenda sana ile. Angalia taa ya nyutro. Kwenye baadhi ya pikipiki stata haizungushi ikiwa kwenye gia mpaka ubane klachi, na zipo zisizowaka kwenye gia stendi ya ubavuni ikiwa chini. Fungua koki, na kama ulimaliza mafuta jana, ielekeze kwenye rizevu, yaani mafuta ya akiba. Tikisa tangi usikie. Usicheke: nimewahi kumlipa mtu anisukume mlima mzima kumbe tangi ni kavu.

Kisha iamshe taratibu. Swichi ikiwa imezimwa, piga kiki nne au tano za polepole. Oili ya 20W-50 tunayotumia wengi huwa nzito kwenye baridi, na hizi kiki zinailegeza kidogo. Sasa vuta choki yote, usiguse mkono wa mafuta, washa swichi, piga kiki moja ya nguvu mpaka chini. Choki inapunguza hewa ili mchanganyiko uwe na mafuta mengi, na ndicho injini baridi inachotaka. Ukizungusha mkono wa mafuta huku choki imevutwa, unavuruga mpango wote. Ikiwaka, iache ingurume dakika moja hivi, rudisha choki kidogo kidogo. Kwa wenye stata, usibonyeze zaidi ya sekunde tano kwa mkupuo, pumzisha nusu dakika.

Kiki sita za namna hiyo bila dalili, acha. Ya saba na ya ishirini zitalowesha plagi tu. Ukisikia harufu kali ya petroli, imeshameza mafuta: rudisha choki, zungusha mkono wa mafuta mpaka mwisho, ushikilie hapo hapo, piga kiki kadhaa hewa ipite ikaushe. Ikikohoa, uko karibu.

Stata ikilia tik-tik-tik bila kuzungusha, tatizo liko kwenye betri au vichwa vyake vilivyolegea au kuota unga mweupe. Hapo kiki ndiyo mkombozi. Pikipiki nyingi za Kichina zilizofuata injini ya Honda CG125, ile iliyotoka miaka ya 1970, huwaka kwa kiki hata betri ikiwa imekufa, kwa kuwa umeme wa plagi unatoka kwenye koili ya sumaku ndani ya injini. Nyingine zinategemea betri, na kwa hizo angalia fyuzi kwanza.

Sasa plagi. Sehemu hii inastahili muda wako, kwa sababu plagi inakusimulia yaliyotokea ndani bila wewe kufungua injini. Vuta kofia, futa vumbi kuzunguka shimo ili mchanga usidondokee kwenye pistoni, kisha fungua. Rangi ya kahawia kama chai ya maziwa ni nzuri. Nyeusi yenye masizi makavu inasema mafuta ni mengi au hewa ni chache: choki imenata, au chujio la hewa limejaa lile vumbi jekundu la barabara zetu. Nyeusi inayong'aa na kuteleza ni oili inayopanda, yaani ringi au sili za valvu zimechoka. Nyeupe kabisa, injini inachemka au inapata mafuta machache. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika lakini hayachomwi. Ikiwa kavu kabisa baada ya kiki zote zile, mafuta hayafiki, na huna haja ya kuhangaika na umeme leo.

Kujua kama inatoa moto, irudishe kwenye kofia yake, laza chuma cha plagi kigusane vizuri na injini, mbali na lile shimo na mbali na petroli iliyomwagika, washa swichi, piga kiki. Shika mpira wa kofia, usishike chuma, au utaruka kama umekanyaga moto. Cheche ya buluu yenye mlio ni nzima. Ya njano iliyofifia ni mgonjwa. Hakuna kitu? Weka plagi mpya kabla ya kulaumu koili au CDI, kile kisanduku kinachoongoza umeme wa plagi. Mwanya wa plagi kwa injini hizi ndogo ni kati ya milimita 0.6 na 0.8. Kama pikipiki imetoka kuoshwa kwa maji ya presha, kausha kofia kwa kitambaa mpaka ndani, mara nyingi ugonjwa wote uko hapo.

Plagi ikiwa kavu, fuata mafuta. Chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ndogo ya kumwagia. Kinga kwenye chupa inayoonyesha ndani, fungua kidogo. Mafuta yasipotoka, kizuizi kiko juu: koki, chujio au mpira uliojikunja. Yakitoka, acha chupa itulie uangalie chini. Maji ni mazito kuliko petroli, yatajikusanya kama shanga. Pikipiki iliyokaa wiki kadhaa bila kutembea, jeti ya slow, kitundu chembamba cha mafuta ndani ya kabureta, huziba kwa utando wa petroli iliyokauka. Ukijua itakaa, funga koki uiache ingurume mpaka ijizime yenyewe, bakuli libaki tupu.

Na mfuniko wa tangi, tafadhali. Yangu ilikuwa inawaka vizuri, inatembea kilomita chache kuelekea Makambako, inazima, inagoma, nikishasimama robo saa inawaka tena. Fundi mmoja alibadilisha plagi, kisha koili, kisha akaosha kabureta, wiki tatu nzima nikilipa. Kumbe mimi mwenyewe niliweka kipande cha nailoni chini ya mfuniko ili petroli isirukeruke. Nailoni iliziba tundu dogo la kuingizia hewa, tangi likawa linajivuta, mafuta yanakataa kushuka. Dawa ilikuwa kufungua mfuniko, kusikia fyuuu, na kuitupa ile nailoni. Ikizima njiani, fungua mfuniko kabla ya chochote.

Mafuta yapo, moto upo, bado imegoma: sikiliza mguu wako. Kiki ikishuka laini kama hakuna kitu ndani, kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya injini, imepotea. Kaza plagi kwanza, ikikataa hiyo ni kazi ya fundi, ringi au valvu. Ile inayowaka ikiwa baridi lakini ikagoma ikishapata moto mara nyingi imebanwa tapeti, yaani mwanya wa valvu umekuwa mdogo mno. Kwa CG125 mwanya wake ni milimita 0.08, karibu na unene wa karatasi ya daftari, na hupimwa injini ikiwa baridi, si unapotoka safari.

Kusukuma pia kupo, gia ya pili, klachi imebanwa, unaiachia ikishashika mwendo. Fanya hivyo betri ikiwa imechoka tu. Kama haina moto wa plagi utachoka bure, na kwenye mteremko wenye utelezi utaanguka nayo.

Chini ya kiti changu kuna spana ya plagi, plagi mpya ndani ya karatasi yake, bisibisi, fyuzi mbili, kipande cha msasa laini, kitambaa kikavu na waya wa klachi. Hakikisha spana ya plagi inaingia kwenye pikipiki yako, kwa sababu zipo plagi za kichwa cha 16 na za 18, na utaligundua hilo gizani.

Ukifika kwa fundi, usimwambie tu haiwaki. Mwambie plagi ilikuwa kavu au imelowa, cheche ilikuwa ya rangi gani, inagoma ikiwa baridi au ya moto, na mara ya mwisho uliweka mafuta wapi. Atakachobadilisha, mwombe akupe kile cha zamani mkononi.