Ijaribu kwa picha moja kwanza
Nimepoteza lebo za jioni nzima ndipo nikajifunza hili. Kabla hujamwaga picha zako zote kwenye programu ya bure ya kupanga picha, chukua nakala ya picha moja ya JPEG, iwekee lebo, tuseme "harusi ya dada", kisha ihamishie kompyuta nyingine uifungue kwa programu tofauti. Ukiiona lebo, imeandikwa ndani ya faili lenyewe. Usipoiona, huenda imekaa kwenye hifadhidata ya programu tu. Siku ukihamia programu nyingine unabaki na majina ya kamera tu, IMG_2041 na wenzake. Ila usiitupe programu haraka. Shotwell, mojawapo ya programu hizo, huja na uandishi wa lebo ndani ya faili umezimwa, unauwasha mwenyewe kwenye mipangilio. Nyingine, digiKam, hukuuliza mara ya kwanza unapoifungua, basi usibonyeze tu "endelea" kama mimi. Kwa RAW (picha ghafi za kamera) na video jaribio hili hudanganya: mara nyingi lebo hukaa kwenye kifaili cha pembeni, .xmp, nacho lazima ukibebe pamoja na picha. Na usiihamishe kwa kuituma WhatsApp kama picha ya kawaida, lebo itafutika njiani. Tumia flashi ya USB.