Matege ya Mbwa wa Mawindo Huanzia Kwenye Sufuria

Mbwa anayefukuza ngedere kwenye mahindi, anayezuia nguruwe pori wasiingie kwenye mihogo, au anayefuatana na mwindaji mwenye kibali, kazi yake yote iko miguuni. Miguu ikianza kupinda, wenye mbwa husema kazaliwa hivyo, au kuna jirani kamrushia jiwe. Mara nyingi sivyo. Kwa mbwa ambaye hajafikisha mwaka, wa kwanza kuulizwa ni anayempikia: amekuwa akila nini tangu alipoacha kunyonya? Wa pili ni anayetoka naye: alianza kukimbizwa akiwa na miezi mingapi?

Maswali hayo yana haraka yake. Mfupa wa mtoto wa mbwa hurefuka kutoka kwenye gegedu, yaani sehemu laini ambayo haijawa mfupa, lililo karibu na ncha zake, na gegedu hilo hugeuka mfupa mgumu kabla au muda mfupi baada ya kufikisha mwaka, mbwa wakubwa wakichelewa zaidi. Kasoro ikionekana akiwa na miezi mitatu au minne, mengi bado yanawezekana. Akishapita mwaka, mguu uliopinda hata umlishe nini haunyooki.

(Kwa wasomaji wa Kenya: uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Tanzania hauruhusiwi bila kibali. Yaliyomo humu yanamhusu pia mbwa wa kulinda shamba na wa kuchunga, kwa sababu viungo ni vilevile.)

Ugali na nyama tupu

Wengi huamini kwamba mbwa wa kazi akipata nyama ya kutosha amepata kila kitu. Nyama isiyo na mfupa, pafu, utumbo na ini vina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno: katika nyama tupu, fosforasi inaweza kuwa mara ishirini ya kalsiamu. Mtoto wa mbwa anahitaji viwili hivyo vikaribiane, kalsiamu ikizidi kidogo. Ugali hausaidii, maana mahindi yana kalsiamu haba, na fosforasi yake imefungamana na kemikali zinazozuia hata hiyo kalsiamu kidogo isifyonzwe. Mwili ukikosa kalsiamu kwenye damu huichota pale ilipohifadhiwa, yaani kwenye mifupa. Mifupa huwa myembamba na laini, mtoto hukataa kusimama, hulia akiinuliwa, hutembea kwa kulaza nyayo, na siku moja huvunjika mguu kwa kuruka kizingiti tu.

Dawa yake ipo sokoni, nayo ni dagaa. Dagaa wakavu, au omena kama uko upande wa Kisumu, huliwa wazima na mifupa yao, kwa hiyo huleta kalsiamu pamoja na protini. Ila wasiwekwe kama kinukio cha ugali. Kwa kila vikombe viwili vya unga, weka kikombe kizima cha dagaa waliosagwa au kutwangwa, na kijiko cha mafuta ya kupikia. Walioanikwa chini mchangani waoshe kwanza, na wenye chumvi nyingi waache. Ini kidogo mara moja au mbili kwa wiki linatosha.

Kama unachopata ni nyama na si dagaa, tumia maganda ya mayai. Yaoshe, yakaushe juu ya sufuria yenye moto, kisha yasage hadi yawe unga laini kabisa. Nusu kijiko cha chai kwa kila nusu kilo ya nyama isiyo na mfupa. Chokaa ya mifugo inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo inafanya kazi hiyohiyo. Hapa angalia vitu viwili. Chokaa ya kujengea au ya kupaka ukuta si hiyo, inaunguza. Na DCP (dikalsiamu fosfeti), ambayo wafugaji wa ng'ombe na kuku wanaijua sana, ina kalsiamu na fosforasi kwa pamoja, kwa hiyo kwa mbwa anayekula nyama haisawazishi kitu, inaongeza pande zote mbili za mzani.

Kuna wanaomwanika mtoto wa mbwa juani asubuhi kama mtoto mchanga, ili apate vitamini D. Ngozi ya mbwa haitengenezi vitamini hiyo kwa kiasi cha kumtosha. Anaipata kwenye ini, samaki na mayai.

Mbwa ambaye mifupa imeshalainika atengewe eneo dogo lenye matandiko, asikimbizwe wala kuruka, abadilishiwe chakula leo hii. Wengi huanza kusimama vizuri ndani ya wiki chache. Asipelekwe porini kwa sababu tu ameacha kulia.

Waliozidishiwa

Kosa la pili ni kinyume cha la kwanza, na huwapata hasa walionunua mbwa kwa bei kubwa: German Shepherd, Boerboel, Rhodesian Ridgeback. Huyu wa mwisho alifugwa kusini mwa Afrika kwa mawindo ya simba, na vigezo vya aina yake viliandikwa Bulawayo mwaka 1922. Ni mbwa wa mbio hasa, na mwenyewe hutaka akue upesi. Humlisha chakula cha pakiti cha watoto wa mbwa, juu yake vidonge vya kalsiamu, na pengine sindano. Mtoto wa mbwa wa miezi michache hana uwezo wa kuizuia kalsiamu iliyozidi isiingie mwilini. Uchunguzi uliofanywa Utrecht, Uholanzi, miaka ya 1980 kwa watoto wa Great Dane ulionyesha kwamba kalsiamu iliyozidi huharibu gegedu na ukuaji wa mifupa. Matokeo yake ni viungo vyenye maumivu na miguu ya mbele inayopinda, kwa mbwa aliyeshiba kupita wote mtaani.

Anayekula chakula kamili cha pakiti asiongezewe kalsiamu ya aina yoyote. Wala asinenepeshwe. Pitisha viganja ubavuni: mbavu zihisike bila kubonyeza, na ukimtazama kwa juu kiuno kionekane. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuata Labrador 48 maisha yao yote. Waliopewa chakula pungufu kwa robo waliishi karibu miaka miwili zaidi ya wenzao, na maumivu ya viungo yaliwaanza wakiwa wazee zaidi. Najua kwetu mbwa mwembamba huonekana ni aibu ya mwenye mbwa. Mwembamba mwenye misuli na ngozi inayong'aa si mbwa mwenye njaa.

Miguu ya mbele: mambo mawili yanayofanana kwa mbali

Kati ya wiki ya 6 na ya 12, mtoto wa mbwa anaweza kuanza kukunja vifundo vya miguu ya mbele kama mtu anayetaka kupiga magoti. Mwingine vifundo hulegea kwa nyuma na vidole kutanuka. Mwenye mbwa hushtuka, huchonga vijiti vya mianzi na kufunga. Usifunge. Kufunga hudhoofisha misuli zaidi, na kamba iliyokaza imeshawakata mbwa miguu. Mtoe kwenye sakafu laini ya saruji, mweke kwenye udongo au juu ya magunia ambako kucha zinashika, rekebisha chakula, mpe dawa ya minyoo, mwache acheze mwenyewe. Wengi hunyooka ndani ya wiki mbili hadi nne.

La pili halisubiri. Mtoto wa miezi minne kagongwa na bodaboda au karuka kutoka kwenye pikapu. Anachechemea siku tatu, nne, kisha anapona, na kila mtu anasahau. Sehemu ya chini ya mguu wa mbele ina mifupa miwili inayokua sambamba, radiasi na ulna. Ulna hupata sehemu kubwa ya urefu wake, karibu asilimia 85, kutoka kwenye gegedu moja tu lililo karibu na kifundo, na gegedu hilo kwa mbwa lina umbo la koni linaloponzeka kwa urahisi. Likiumia, ulna inasimama huku radiasi ikiendelea kurefuka. Mfupa mfupi unauvuta mrefu kama kamba ya upinde: mguu unapinda kwenda mbele, kiganja kinageukia nje, na kiwiko kinaanza kuachana na nafasi yake.

Kwa hiyo, mtoto wa mbwa aliyegongwa, hata kama amepona kabisa, msimamishe mbele yako kila wiki kwa muda wa wiki sita. Chuchumaa umtazame kwa mbele. Je, kiganja kimoja kimeanza kuangalia pembeni kuliko kingine? Piga picha kwa simu, mahali palepale, ulinganishe na ya wiki iliyopita. Tofauti ikionekana, nenda kwa daktari wa mifugo wiki hiyohiyo. Mbwa akiwa bado anakua, daktari wa upasuaji anaweza kukata kipande cha ulna ili radiasi iachiwe iendelee kunyooka. Akishamaliza kukua, upasuaji unaobaki ni mkubwa na ghali zaidi, na kiwiko huenda kimeshaharibika. Hospitali za wanyama za vyuo vikuu, kama ile ya Sokoine kule Morogoro na ya Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete, ndizo za kuuliza kwanza.

Kuhusu kuanza kazi: mtoto wa miezi mitano kufuatana na wakubwa mlimani kutwa nzima ni mapema mno. Acheze na kukimbia kwa hiari yake kwenye udongo, akichoka alale. Watafiti wa Norway waliochapisha kazi yao mwaka 2012 waliona kwamba watoto wa mbwa waliopata nafasi ya kujikimbilia nje walikuwa na hatari ndogo ya nyonga mbovu, na waliopandishwa ngazi kabla ya miezi mitatu walikuwa na hatari kubwa zaidi. Safari ndefu na kukimbia nyuma ya pikipiki zisubiri afikishe mwaka, na kwa mbwa wa miili mikubwa miezi mitatu minne zaidi.

Mkubwa akichechemea

Kabla ya kumgusa mbwa yeyote aliyebadilika ghafla, tazama kwa mbali. Kama miguu ya nyuma inayumba, mate yanatiririka, taya limelegea au tabia si yake, fikiria kichaa cha mbwa, hasa kama hakuchanjwa. Mfungie, usimshike, ita wahusika wa mifugo.

Kama ni kuchechemea tu, mtembeze polepole kwenye ardhi ngumu. Mguu mbovu ukiwa wa mbele, kichwa hupanda mguu huo ukikanyaga chini, na hushuka ule usio na tatizo ukikanyaga. Kisha mfunge mdomo kwa kitambaa, anza chini kwenda juu. Achanisha vidole kimoja kimoja. Sehemu kubwa ya kinachoitwa "ugonjwa wa viungo" huishia hapa: mwiba, kucha iliyopasuka, funza. Ndipo upande kifundo, kiwiko, bega, ukikunja na kunyoosha taratibu na kulinganisha na mguu wa pili.

Kuchechemea kunakohama, leo mguu huu, keshokutwa ule, huku mbwa ana homa, hali chakula vizuri na pengine anatoka damu puani, kunaashiria ugonjwa wa kupe. Kupe wa kahawia wa mbwa huleta elikia, ugonjwa wa bakteria wa damu, na elikia inaweza kuvimbisha viungo kadhaa kwa pamoja. Hutibiwa kwa doksisaiklini, kwa kawaida wiki nne, baada ya daktari kupima. Anayeacha kumpa siku ya tano kwa sababu mbwa ameanza kula atarudi kliniki. Na kupe wasipotolewa kwenye nyufa za banda, dawa ni kazi bure.

Kuna jingine ambalo wenye mbwa wachache wanalijua, na ukanda wetu unalo. Sehemu za chini za miguu yote huvimba, ngumu na yenye joto, mbwa anakonda na kutapika chakula ambacho hakijasagika. Huyo hana tatizo la viungo. Kuna mnyoo aitwaye Spirocerca lupi, anayempata mbwa akila wadudu wanaobingirisha mavi, mijusi, au matumbo mabichi ya kuku. Mnyoo hujenga uvimbe kwenye umio, uvimbe huweza kugeuka saratani, na mwili huitikia kwa kunenepesha mifupa ya miguu. Akiwahiwa kabla ya saratani anatibika. Chemsha matumbo ya kuku kabla ya kumpa.

Dawa za maumivu za watu ziache kwenye kabati. Ibuprofeni na diklofenaki hutoboa tumbo la mbwa na kuua figo, na parasetamo ikizidi huharibu ini. Mbwa aliyetoka mbioni akiwa na kiu yuko hatarini maradufu. Dawa yake ni ya mbwa, kama meloksikamu, iliyopimwa kwa uzito wake na kutolewa pamoja na chakula. Kataa pia ile sindano ya deksamethasoni inayochomwa "ili apate nguvu ya kesho". Maumivu yanafichika, mbwa anakimbilia mguu uleule mbovu, na ukichanganya sindano hiyo na meloksikamu tumbo linavuja damu.

Mbwa anayekimbia kwa kurusha miguu ya nyuma yote miwili kwa pamoja kama sungura, au anayeinuka kwa shida akiwa bado kijana, huenda nyonga zake hazikukaa sawa. Tatizo hili hurithiwa. Piga eksirei, na matokeo yakiwa mabaya usimzalishe hata kama hakuna mbwa anayemzidi kwa kunusa.

Kabla ya kumpeleka kwa daktari mbwa anayechechemea, mrekodi video nyumbani: akienda, akirudi, akitembea na akikimbia kidogo, kamera ikiwa usawa wa mgongo wake. Mbwa wengi wakifika kliniki woga huwafanya watembee sawasawa kabisa, na daktari hubaki kukuamini kwa maneno tu.