SOMO: Unataka kununua lobedi ya kubebea mitambo huku Kanda ya Ziwa? Pitia hapa kwanza

Wadau habari za saa hizi. Naona kila baada ya muda mtu anauliza lobedi (tela ya kitanda cha chini) nzuri ni ipi, basi anarushiwa picha za tela za Kichina, hii tani 60, ile tani 80, mwisho anachanganyikiwa zaidi ya alivyokuja. Nimezoea njia ya Mwanza kwenda Geita na Kahama na hizi tela, ngoja niandike kwa utaratibu. Ni refu kidogo, asiye na haraka asome.

HATUA YA 1: Anza na mtambo, tela baadaye

Andika mitambo yote unayotegemea kubeba, uzito wake, upana wake na kimo chake ukiwa umekunjwa. Usikadirie kwa macho. Kwenye vijiko (ekskaveta), Komatsu PC200 ni tani 20 na ushee, Cat 320 inacheza kwenye 22, Cat 336 tayari uko 36 au 37, na doza ya D8 nayo ni humohumo. Afu kuna vitu watu wanasahau, tenki la dizeli limejaa, baketi ya akiba, na ile nyundo ya kupasulia mawe ambayo kwa Mwanza yetu hii karibu kila mwenye kijiko anayo, hiyo peke yake inaweza kukuongezea tani moja na nusu na zaidi.

Upana nao upime kwa futi kamba. PC200 toka cheni ya kushoto mpaka ya kulia (ile mikanda ya chuma inayotembelea), nje kwa nje, ni kama mita 2.8, kwa hiyo ukishaipakia tu wewe sio gari la kawaida tena, unatakiwa uwe na kibali cha mzigo usio wa kawaida. Hilo liulizie TANROADS (wakala wa barabara) mapema, sio siku mzigo umeshafungwa cheni na dereva kashapewa posho.

HATUA YA 2: Hesabu ya ekseli, hapa ndo pesa za watu zinapopotelea

Sheria ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya 2016, ndo inayotumika mizani. Ekseli ya usukani tani 8, difu mbili (ekseli za nyuma za kichwa cha gari, zinazosukuma) zenye tairi nne nne tani 18, ekseli tatu za tela tani 24. Jumlisha unapata 50. Sasa toa hosi yenyewe (kichwa kinachovuta tela), tuseme tani 9, toa tela tupu, tuseme 13 maana lobedi ni chuma kizito. Unabaki na 28. Hiyo ndo lobedi yako ya "tani 60" ukiwa barabarani bila kibali, mkuu, tani 28. Lile neno 60 ni uwezo wa chuma kwa maelezo ya kiwanda, mzani hausomi maandishi ya ubavuni. Na hata uongeze ekseli vipi, gari zima likifikisha tani 56 ndo kikomo, ukizidi hapo unaingia kwenye vibali maalum.

Kwa hiyo Cat 320 inakaa vizuri, 336 haikai. Mwenye 336 anatafuta tela ya ekseli nne au zaidi na anapanga na vibali kabisa, asidanganywe na muuzaji.

Na hata huo 28 unaupata kama mzigo umekaa mahali pake. Ukisogeza kijiko nyuma sana ekseli za tela zinapita 24, ukikisogeza mbele sana difu za hosi zinapita 18, yaani jumla iko sawa lakini bado unafeli mzani. Ukishapata sehemu iliyokubali, piga mstari wa rangi pale kitandani cheni zinapoishia, safari ijayo opereta anaenda moja kwa moja kwenye mstari.

HATUA YA 3: Kitanda kiwe chini kiasi gani

Hapa wengi hatutakubaliana lakini nasema. Watu wanasikia lobedi wanataka ile ya chini kabisa, ya kitanda cha shimo, ambayo shingo (sehemu ya mbele inayokaa juu ya hosi) inang'oka, kitanda kinalala chini na mtambo unapandia mbele. Ni tela nzuri, usinielewe vibaya, kitanda kiko kama sentimita 50 au 60 toka chini, mtambo mrefu unapita chini ya nyaya bila presha. Lakini toa unene wa boriti hapo, chini unabakiwa na uwazi mdogo sana. Sasa ipeleke kwenye matuta yetu, yale ambayo wanakijiji wameyajenga wenyewe baada ya ajali, au kwenye kivuko cha reli kilichoinuka, au barabara ya machimbo iliyokatika na mvua. Hosi imeshavuka, tairi za nyuma bado, tumbo limekaa juu ya tuta. Hapo utaanza kutafuta mbao na jeki huku foleni inakupigia honi.

Ya kunyooka, yenye ngazi nyuma, kitanda chake kiko kama sentimita 90 mpaka mita moja. PC200 ikikunjwa vizuri kimo chake ni kama mita 3, unakuwa na mita 4 jumla. Unapita, ila waya za umeme za mitaani uziangalie, tandiboi asilale. Kwa mtu anayebeba vijiko vya tani 20, greda na rola, Mwanza mpaka Geita, Magu, Misungwi, mimi namshauri hii, ekseli tatu, basi. Ya shimo mwachie mwenye mitambo mirefu na njia za lami.

HATUA YA 4: Kukagua ya mtumba

Nenda mchana, tela ikiwa tupu, uwe na uzi wa mwashi, brashi ya waya, mafuta ya taa na chaki. Funga uzi toka mwanzo wa kitanda mpaka mwisho, uvute ukaze. Boriti za tela nyingi zimetoka kiwandani zimeinuka kidogo katikati, ukikuta zimebonyea chini wakati haina mzigo, hiyo ilishachoka, mshukuru muuzaji uondoke.

Afu nenda pale shingo inapokunjika kushuka kitandani. Rangi mpya sehemu hiyo tu? Ikwangue. Paka mafuta ya taa, subiri kidogo, futa pakauke, paka unga wa chaki. Kama kuna ufa mafuta yaliyojificha ndani yatatoka na kuchora mstari kwenye chaki, wala huhitaji mtaalamu. Muuzaji akikataa usikwangue rangi umeshapata jibu.

Pima pia toka kwenye pini (ile inayoshikisha tela kwenye hosi) mpaka ncha ya ekseli ya kwanza kushoto, halafu kulia. Tofauti ikizidi milimita 3 tela inatembea upande na tairi zitaisha kama sabuni.

HATUA YA 5: Pini, tairi, cheni

Pini ziko za inchi 2 na inchi 3 na nusu, angalia hosi yako inakubali ipi kabla hujalipa. Ya inchi 2 ikiwa mpya ni milimita 50.8, ikishuka mpaka 49 imekwisha. Tairi ndogo za rimu ya inchi 17.5 zinashusha kitanda ila kaulizie kwanza maduka ya tairi mjini kama zipo muda wote.

Cheni: Marekani sheria yao inataka mtambo mzito ufungwe sehemu nne angalau, na uwezo wa cheni zote ukijumlisha ufike nusu ya uzito wa mtambo, ila cheni inayotoka kwenye tela kwenda kushika mtambo moja kwa moja inahesabiwa nusu tu ya uwezo wake. Kijiko cha tani 22 kinataka tani 11, cheni nne za uwezo wa tani 6 kila moja, zikihesabiwa tani 3 tatu, zinatosha. Mimi naifuata hiyo.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Katoro: Mkuu asante kwa somo. Mimi nina hosi ya difu moja, naweza kuvutia lobedi?

Jibu: Kwa hesabu ni 8 na 10 na 24, tani 42, ukitoa hosi na tela unabaki na kama 22 hivi. Lakini difu moja inabeba shingo yote peke yake, 10 inafika haraka, na kwenye matope ya huko kwenu itazunguka tu. Beba rola na bekhoo, kijiko cha tani 20 achana nacho.

Dada wa Igoma: Kaka, mvua ikinyesha kijiko kinateleza kwenye ngazi, opereta wangu anaogopa.

Jibu: Ana haki ya kuogopa dada yangu. Chuma juu ya chuma na maji katikati, lazima kiteleze. Funga mbao ngumu juu ya ngazi, futa tope kwenye cheni kabla ya kupanda, na akishaanza kupanda asikate kona, anyooke mpaka mwisho. Ikimshinda asubiri mvua ikatike.

Mdau: Kuna kazi Ukerewe, lobedi inapita pantoni ya Kisorya?

Jibu: Toka Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 watu wa Geita wamesahau habari za pantoni, nyie wa Ukerewe bado. Waulize TEMESA (wanaoendesha vivuko vya serikali) kwanza pantoni iliyopo inabeba tani ngapi, uwape uzito wa gari zima, sio wa kijiko tu. Afu nenda na futi kamba uangalie mlango wa pantoni unavyokutana na nchi kavu, maji ya ziwa yakipanda au kushuka ule mkunjo unabadilika, na ya shimo inakwama hapo hapo. Mie ningeenda na ya kunyooka.

Mdau wa Buzuruga: Mpya ya Mchina au mtumba wa Ulaya?

Jibu: Mtumba ukipita uzi na chaki, chukua mtumba. Usipopita, chukua mpya, ila mwambie muuzaji akuandikie aina ya ekseli kwenye mkataba. Fuwa au BPW zote sawa kwangu, spea zake fundi anazijua. Zile ambazo hazina jina hata yeye mwenyewe hajui utapata wapi beringi.