Namna ya Kuandaa Rekodi ya Machapisho kwa Mtafiti wa Baiolojia ya Molekuli na Tiba ya Michezo

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaidia wahadhiri na wanafunzi wa uzamivu hapa Kampala kupanga machapisho yao kabla ya kuomba ufadhili au kupandishwa cheo. Wanaonitoa jasho zaidi ni wale wenye mguu mmoja maabara na mwingine uwanjani: asubuhi wanazidisha DNA kwa mashine ya PCR, jioni wanapima mapigo ya moyo ya wakimbiaji. Kazi zao hutawanyika, kwa sababu programu zinazokusanya machapisho hukuta nusu ya makala katika majarida ya jenetiki na nusu nyingine katika majarida ya majeraha ya goti, zikadhani hao ni watu wawili. Mwongozo huu unahusu jinsi ya kumrudisha mtu huyo kuwa mmoja.

Hatua ya 1: Amua jina moja la kuchapishia.

Hapa ndipo penye shida kubwa kuliko pote, nami nakushauri utulie hapo. Nchini Uganda si lazima baba na mwana washiriki jina la ukoo, na shuleni tumezoea kuandika jina la asili kwanza na la dini baadaye. Jarida la ng'ambo huchukulia kwamba jina la mwisho ndilo la ukoo. Makala yangu ya kwanza ilitoka hivyo: jina la ubatizo likageuka la ukoo, na jina nililopewa na babu likabaki herufi moja yenye nukta. Nilikuwa nimesoma prufu, yaani nakala ya kusahihisha kabla ya kuchapishwa, usiku kucha nikitafuta makosa ya takwimu, nikaliruka jina langu mwenyewe. Kwa hiyo, andika pembeni kila umbo la jina lako lililowahi kuchapishwa, chagua moja la kutumia kuanzia leo, na yale mengine yahifadhi kwa ajili ya utafutaji utakaofuata.

Hatua ya 2: Jisajili ORCID.

Huduma hii, iliyoanza mwaka 2012, humpa mtafiti namba yenye tarakimu 16 katika mafungu manne, bila malipo. Usishangae ya mwisho ikiwa herufi X. Hiyo ni alama ya kuhakiki namba nzima. Katika ukurasa wako jaza yale maumbo yote ya jina uliyoyaorodhesha. Ukihama kutoka Makerere kwenda Mbarara, anwani ya barua pepe ya kazini itabadilika lakini namba hii haitabadilika, kwa hiyo iunganishe na barua pepe yako binafsi pia.

Hatua ya 3: Kusanya kutoka zaidi ya hazina moja.

Anza na PubMed, ukiandika jina la ukoo likifuatiwa na herufi za mwanzo za majina mengine, kisha urudie kwa kila umbo la jina. PubMed ni ya tiba na sayansi ya uhai. Makala kuhusu mbinu za ukocha au elimu ya mazoezi huenda isionekane humo kabisa. Kwa upande huo tafuta SPORTDiscus, hazina ya machapisho ya michezo, kupitia maktaba ya chuo. Google Scholar iache ya mwisho, maana hukusanya kila kitu, zikiwemo tasnifu na karatasi za semina, na mara nyingine humbebesha mtu kazi za mwenye jina kama lake. Matokeo yote yaingize katika jedwali moja la Excel, safu mlalo moja kwa kila chapisho.

Hatua ya 4: Hakiki kila safu kwa DOI.

DOI, utambulisho wa kudumu wa makala mtandaoni, huanza na 10 na nukta, kisha namba ya mchapishaji, mkwaju, na utambulisho wa makala yenyewe. Ibandike katika kivinjari baada ya anwani ya doi.org uone kama inafungua makala unayoidai. Kazi hii inachosha, na umeme ukikatika katikati inachosha maradufu, lakini ndipo utakapogundua kazi moja iliyohesabiwa mara mbili: mara kama rasimu ya awali katika bioRxiv au medRxiv, hazina za rasimu, mara kama makala iliyopitiwa na wataalamu. Ziweke katika safu moja, ukitaja rasimu kama rasimu. Muhtasari wa kongamano nao uwe na sehemu yake. Kuuchanganya na makala kamili huonekana haraka na huharibu imani ya msomaji.

Hatua ya 5: Eleza ulifanya nini.

Chukulia utafiti wa jeni ya ACTN3, ambayo mwaka 2003 ilihusishwa na wanariadha wa mbio fupi na nguvu. Ukishiriki utafiti wa aina hiyo kwa wakimbiaji wa Kapchorwa, mashariki mwa Uganda, huenda ukawa wa tisa kati ya waandishi ishirini, ilhali ni wewe uliyechukua mate ya wanariadha wote na kuitoa DNA yake. Katika makala nyingine ya waandishi watatu huenda ulibuni jaribio zima la mazoezi. Nafasi katika orodha ya majina haisemi hayo. Mwandishi wa mwisho kwa kawaida ni mkuu wa maabara, wa kwanza ni aliyefanya sehemu kubwa ya kazi, na wa katikati hawajulikani walichofanya. Mfumo wa CRediT, wa kueleza mchango wa kila mwandishi, una majukumu 14, kuanzia kubuni wazo hadi kusimamia data. Tumia majina yake, na chini ya kila makala andika sentensi moja tu ya kweli. Mimi huiona sentensi hiyo kuwa na thamani kuliko jina la jarida.

Hatua ya 6: Ongeza data na vibali.

Namba za mfuatano wa DNA ulioweka GenBank, hazina ya data za jenetiki, ni sehemu ya rekodi yako, vilevile namba ya usajili wa jaribio la tiba na ya kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda.

Hatua ya 7: Weka takwimu kwa tahadhari.

Kipimo cha h, alichokipendekeza Jorge Hirsch mwaka 2005, kikiwa 12 maana yake una machapisho 12 ambayo kila moja limenukuliwa angalau mara 12. Google Scholar kwa kawaida hutoa namba kubwa kuliko Scopus, hazina nyingine ya machapisho na manukuu, kwa hiyo taja chanzo na tarehe uliyosoma. Makala za jenetiki zenye waandishi wengi zinaweza zenyewe tu kuinua kipimo hicho. Ukiweza, onyesha manukuu ya kila nyanja kando.

Hatua ya 8: Hifadhi.

Toa nakala ya PDF yenye tarehe katika jina la faili, na jedwali la Excel libaki nakala mama. Makala mpya ikikubaliwa, iingize siku hiyohiyo chini ya kichwa «Imekubaliwa», uje uihamishe DOI itakapotoka.