Jinsi ya kupima matone ya FUS yanavyogeuka kuwa magumu

Protini ya FUS hujikusanya ndani ya seli ikaunda matone yasiyo na utando. Mwaka 2015 watafiti wa Dresden, Ujerumani, walionyesha kuwa matone hayo yakikaa kwa saa kadhaa hupoteza umajimaji na kuota nyuzi, na kwamba badiliko la G156E (asidi-amino moja ya FUS iliyobadilika), lililopatikana kwa mgonjwa wa ALS, ugonjwa wa neva zinazoendesha misuli, huharakisha jambo hilo. Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumwelekeza mwanafunzi anayeanza kazi hii.

1. Tengeneza FUS ikiwa imeunganishwa na MBP, protini inayoizuia isijikusanye mapema, uihifadhi kwenye chumvi nyingi. Hakikisha haina RNA, kwa sababu RNA hubadilisha tabia ya matone.

2. Izungushe kwenye sentrifuji kabla ya kuitumia. Mabonge ya zamani huwa mbegu za nyuzi mpya.

3. Shusha chumvi hadi milimola 150, weka kimeng'enya cha TEV kikate MBP, uandike saa. Kiasi cha TEV kiwe kilekile kwa FUS ya kawaida na kwa G156E, la sivyo utalinganisha matone ya umri tofauti. Sipendi kuongeza PEG, polima inayosonganisha protini, ili kulazimisha matone yatokee. PEG nayo huathiri ugumu unaotaka kuupima.

4. Sasa fifisha kwa leza mng'ao wa FUS (iliyotiwa alama inayong'aa), upime unavyorudi: ukirudi haraka, tone bado ni majimaji. Hapa ndipo muda mwingi hupotea, na mara nyingi chanzo ni kioo. Tone likigusa kioo kitupu hutandaa na kung'ang'ania, nawe ukadhani limegeuka gumu. Pakaa kioo PEG-sileni kwanza (PEG hii hushikamana na kioo, haichanganyiki na sampuli), kisha tazama: matone yabaki mviringo, na machanga yakikutana yaungane kuwa moja. Yasipoungana, usipime chochote bado. Fifisha doa dogo katikati ya tone kubwa. Ukififisha tone zima, unachopima zaidi ni protini inayoingia kutoka nje. Chagua matone yanayokaribiana ukubwa, na kila mara rekodi tone la jirani ambalo hukulififisha, kwa kuwa mwanga wa kupigia picha wenyewe hulipunguzia mng'ao. Darubini ikihama hata kidogo kutoka kwenye fokasi, mchoro utashuka kana kwamba protini imekwama. Data hiyo itupe.

5. Rudia kila saa, sampuli zote mbili siku ileile.

Wengi hukimbilia heksanedioli, kemikali inayoyeyusha matone ambayo bado ni majimaji: tone likiyeyuka, wanasema ni majimaji. Ndani ya seli hai dawa hiyo huharibu utando na kuvuruga vimeng'enya, kwa hiyo mimi siichukui kuwa ushahidi pasipo vipimo vya hatua ya 4.