Kuambatisha faili si kukabidhi kazi

Wanafunzi wengi wa watu wazima hupoteza maksi kwa jambo dogo sana: kwenye Google Classroom, jukwaa la mtandaoni la kupokea na kutuma kazi za darasa, faili uliyoiambatisha bado hujaikabidhi. Inaonekana pale kwenye skrini, mtu anafunga simu akiwa na amani, kumbe kazi haijakabidhiwa. Ukishaambatisha, bonyeza kitufe cha kukabidhi, thibitisha, kisha usiondoke mpaka uone hali ya kazi imebadilika. Mtandao ukiwa dhaifu, faili inaweza kukatika njiani.

Kama umeandika kwa mkono, usitume picha moja moja. Fungua programu ya Google Drive kwenye simu, gusa ikoni ya kamera, piga kurasa kwa mpangilio. Zote zitatoka kama PDF moja inayosomeka. Kaa karibu na dirisha, mwanga utokee ubavuni, maana ukiwa mgongoni kivuli chako huangukia karatasi. Njia hii pia inakuepusha na picha za HEIC, yaani aina ya faili za picha za iPhone, ambazo baadhi ya mifumo huzikataa.

Ukiirudisha kazi kwako ili kusahihisha, ikabidhi tena kabla ya muda kwisha, la sivyo itahesabiwa imechelewa.